Siki Isiyoungua

Edina Nzwala alianza kushuku siku yake ya tatu kazini, na kilichomtia shaka kilikuwa sifuri.

Alikuwa amerudi Chisalu baada ya miaka tisa ya kufanya kazi pwani, aje kuchukua nafasi ya mkemia mkuu aliyestaafu. Asubuhi ile alikuwa akipekua daftari la vipimo vya maji. Kwenye safu ya siki kulikuwa na 0.0. Akafunua ukurasa mwingine. 0.0. Akarudi nyuma kurasa kumi, ishirini, mpaka kidole kikachoka. Siku mia mbili na kumi na mbili mfululizo, sifuri tupu.

Mtu asiyejua kazi hiyo angefurahi. Edina hakufurahi. Mashine ya kupima ni kama mkono wa mtu, lazima itikisike kidogo. Leo ingesoma 0.3, kesho 0.1, keshokutwa 0.5 kwa sababu mtu kaosha chupa vibaya. Sifuri isiyotikisika miezi saba hakuwahi kuiona popote.

Mvua ilikuwa imekatika Chisalu mwaka wa kumi na mbili sasa, na visima vilikuwa vimebaki mashimo ya vumbi. Watu elfu sitini waliishi kwa maji yaleyale. Ya kuogea, ya kufulia, yaliyotoka vyooni, hospitalini na kwenye mabanda ya miche, yote yalirudishwa kituoni, yakapitishwa ndani ya mtungi wa chuma uliosimama kama ghorofa mbili, ambao wenyeji waliuita Chungu, kisha yakarejea mabombani. Ndani ya Chungu maji yalipashwa mpaka nyuzi mia tano na ishirini, chini ya presha kubwa kiasi kwamba hayakuwa tena maji wala mvuke. Yakifika hapo, oksijeni huyeyuka humo yote, na uchafu huungua bila mwali hata mmoja kuonekana. Kila kitu huvunjika kuwa asidi ndogondogo, kisha asidi zenyewe huungua na kubaki hewa na maji. Nyingi huondoka upesi. Asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki ya jikoni, ndiyo hung'ang'ania mpaka mwisho. Kwa hiyo wakemia wa kituo waliitafuta hiyo kwanza. Siki ikiwa imeungua, na dawa, na sumu, na vijidudu, vyote vimeungua kabla yake.

Kila siku saa mbili asubuhi mkemia mkuu alisoma kipimo hicho redioni, kwa sauti yake mwenyewe na kwa jina lake. Mji ulisikiliza kabla ya kuinjika chai. Edina alikuwa ameshasoma sifuri mara mbili.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Lameki, mume wa Naomi, mdogo wake Edina. Lameki alikuwa mwendeshaji wa Chungu, mtu mpole, mwenye mabega mapana na tabia ya kufuta mikono hata kama haikuwa na uchafu.

"Shemeji, sampuli ya leo hiyo," alisema, akaweka chupa mezani.

"Ahsante, shemeji. Unachota wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, tangu zamani."

"Kesho nitakuja tuchote wote. Nijue na bomba lenyewe."

Lameki akafuta mikono. "Mhandisi hapendi watu kule chini. Lile bomba lina presha, shemeji. Likikurukia mvuke, tutakuokota vipande."

Alicheka, Edina naye akacheka. Lakini alipoishika chupa baada ya Lameki kutoka, aliikuta baridi. Maji yaliyotoka bombani dakika tano zilizopita yangekuwa vuguvugu kama maji ya kunawishia mtoto. Haya yalikuwa ya baridi kama yaliyolala kwenye stoo ya maabara.

Akapima. 0.0.

*

Mchana wa siku hiyo alikwenda mwenyewe kwenye kioski cha maji cha mtaa wa juu. Muuzaji alikuwa Mama Nyemo, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijani, aliyemfahamu Edina tangu akiwa na meno ya utotoni.

"Mkemia wetu! Karibu. Umekuja kunywa au kukagua?"

"Nimekuja kukusalimu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kama hukuja kukagua, kagua." Mama Nyemo akainama chini ya meza, akatoa ndoo ya plastiki. "Tia mkono. Usiogope."

Edina akapitisha vidole ndani ya ndoo. Ukuta wake ulikuwa na utando, laini na wenye kuteleza kama bamia.

"Nasugua kwa mchanga kila Jumamosi," Mama Nyemo alisema. "Jumatano umerudi. Zamani ndoo ilikaa mwezi mzima, kavu kama kioo. Nikamwuliza mkwe wenu, yule Lameki. Akaniambia ni sabuni yangu. Mimi sitii sabuni humu."

"Utando huu umeanza lini?"

"Tangu miche ya mwaka jana. Miezi saba, minane."

Edina aliuondoa mkono ndooni akaukausha kwenye gauni. Maji yaliyopita nyuzi mia tano na ishirini hayana chakula hata cha kijidudu kimoja. Hayawezi kuotesha utando. Kama utando unaota, basi kuna kitu majini kinacholiwa, na chakula ambacho vijidudu hukipenda kuliko vyote ni siki.

Akajaza chupa mbili kwenye koki ya Mama Nyemo, akazitia mkobani. Maabara ilikuwa tupu aliporudi. Akafunga mlango kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi.

Siki: miligramu thelathini na nane katika kila lita.

Akarudia. Thelathini na saba. Kisha akaiweka chupa ya pili kwenye mashine kubwa inayotambua dawa, akasubiri saa nzima huku akitembea kati ya dirisha na sinki. Karatasi ikatoka na mistari minne. Dawa ya kuua magugu ya mabanda ya miche. Dawa ya kifafa. Na dawa mbili za saratani, kidogo mno, lakini zipo.

Akakaa kitini. Sasa alijua sampuli zilikuwa zinabadilishwa, na aliweza hata kukisia kwa maji gani. Maabara ilikuwa inaletewa maji safi ya kupimia kwa treni, madumu ya lita ishirini yenye vifuniko vya bluu. Akaenda stoo na orodha mkononi. Kwa sampuli moja ya kughushi kila siku, pungufu lingekuwa lita tano kwa mwezi. Lakini madumu yalikuwa yamepungua mengi mno. Dumu zima lilikuwa likipotea kila wiki.

Mtu alikuwa anayatumia kwa jambo jingine.

*

Naomi alikuwa na mimba ya miezi sita. Alimpokea dada yake kwa kelele na kumvuta ndani, akamkalisha, akaanza kusimulia jinsi mtoto anavyopiga mateke wakati wa taarifa ya habari.

"Nikupe maji, dada? Au juisi?"

"Maji."

Naomi hakwenda kwenye mtungi uliokuwa karibu na mlango. Alikwenda chumbani, akarudi na gilasi. Edina akanywa. Maji hayakuwa na ladha yoyote. Alikuwa ameosha nayo vyombo vya maabara miaka kumi na tano. Ulimi wake uliyajua.

"Haya mnayatoa wapi?"

"Si ya kazini kwa Lameki? Wanapewa waendeshaji wenye wake wajawazito." Naomi akakaa, mkono tumboni. "Ananikataza kabisa yale ya bombani. Hata chai, hata kusukutua mdomo. Ananichekesha. Yale nafulia tu."

"Alianza lini kukukataza?"

"Siku ile ile nilipomwambia nina mimba. Kwa nini? Dada, mbona unaniangalia hivyo?"

Edina akasema amechoka na kazi mpya. Akainuka, akaomba kwenda msalani, na alipopita mlangoni mwa chumba akayaona, chini ya kitanda, yamepangwa vizuri na kufunikwa khanga. Madumu matano, vifuniko vya bluu.

Njiani kurudi alishindwa kujua kipi kinamuuma zaidi. Lameki hakuwa amedanganywa na mtu. Alikuwa anajua. Kila wiki alibeba dumu begani, akapita mbele ya foleni ya kioski cha Mama Nyemo, wanawake wengine wenye matumbo kama la Naomi wakimsalimu, naye akiitikia.

*

Jioni ileile Mhandisi Habakuki Sechonge alimsikiliza Edina mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mkuu wa kituo tangu kilipojengwa. Edina alikuwa amejiandaa kwa kukanushwa, kwa vitisho, hata kwa kufukuzwa. Badala yake mzee alichukua kofia mbili za chuma, akampa moja.

"Njoo uone."

Walishuka ngazi mpaka chini ya Chungu. Joto liliwapiga usoni. Mhandisi akachukua kifaa kidogo kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, akakibandika ubavuni mwa mtungi, juu kidogo ya kichwa chake.

"Soma."

"Milimita kumi na tisa."

"Mtungi ulipokuja mpya ulikuwa sitini." Akasogeza kifaa kiganja kimoja upande wa kushoto. "Na hapa?"

Edina akasoma mara mbili. "Kumi na moja."

"Hapo kuna ufa. Unauona kwa kifaa tu. Klorini iliyomo kwenye madawa ya hospitali na ya mabanda ikifika humu hugeuka asidi ya chumvi. Imekuwa inautafuna mtungi kwa ndani miaka yote hii. Nikiupandisha tena mpaka mia tano na ishirini, na presha yake, utapasuka. Kuna watu kumi na wanne zamu moja humu ndani, Edina. Nikaushusha mpaka mia tatu. Kwa mia tatu unavumilia."

"Kwa mia tatu siki haiungui. Wala hizi dawa."

"Najua."

"Watu wanakunywa dawa za saratani, Mhandisi."

"Kidogo sana. Na mtungi mpya unakuja, wanautengeneza. Miezi mitano." Akavua kofia akajifuta jasho. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungetangaza? Wizara ingefunga kituo siku hiyohiyo. Unakumbuka walipofunga cha Mlanje? Walihamisha watu elfu thelathini kwa malori, kiangazi. Mimi nilikuwepo. Nilizika watoto barabarani kwa mikono hii. Nikapima huku na huku, nikaona huku kuna madhara pengine, kule kuna vifo hakika."

Palikuwa na koki ya maji ya kunywa ukutani. Mhandisi akajaza kikombe, akanywa chote, akajaza kingine.

"Ninakunywa hayahaya. Mke wangu anakunywa hayahaya. Sijamficha mtu kitu ninachokikimbia mwenyewe."

Edina alimwamini. Hilo ndilo lililomvuruga. Angekuwa mwizi, kazi ingekuwa rahisi.

"Nipe miezi mitano," Mhandisi akasema. "Soma sifuri. Sauti yako wanaiamini."

Edina alimrudishia kofia, akapanda ngazi bila kuahidi kitu. Lakini kesho yake, saa mbili asubuhi, kipaza sauti kilipowaka taa nyekundu, alisikia mdomo wake ukisema, "Siki, sifuri. Mimi ni Edina Nzwala, mkemia mkuu."

Alisoma hivyo siku nne.

Katika siku hizo nne aliacha kula vizuri. Alimshuku kila mtu aliyemsalimu: yule anajua, yule hajui, yule ananiangalia kwa sababu anajua kwamba najua. Karani wa redio akimtengenezea kipaza sauti, alitazama vidole vyake kutafuta kitu. Usemi wowote wa kawaida aliusikia kama fumbo. Na kila alipofungua bomba nyumbani kwake alisimama na gilasi mkononi, akajiuliza kama atakunywa, kisha akanywa, kwa sababu kutokunywa kungemfanya awe Lameki.

Siku ya nne jioni, jua likiwa bado juu ya mabanda, alimkuta Lameki akitoka stoo ya maabara na dumu begani.

"Liweke chini," Edina akasema.

Lameki akaliweka. Akafuta mikono.

"Shemeji, ni mtoto wangu wa kwanza."

"Wangapi wana mimba mjini hapa?"

"Sijui."

"Mia nne na sita. Nimeuliza kliniki. Mia nne na sita, na Naomi."

"Ulitaka nimnyweshe?" Sauti ya Lameki ilipanda. "Ningejua, halafu nimpe mke wangu? Wewe ungempa? Ni mdogo wako yule!"

"Nisingempa."

"Sasa?"

"Sasa hata wale wengine nisingewapa. Wewe umejua, ukaamua kwa ajili yako. Wao hawajaulizwa. Mhandisi anasema madhara ni kidogo. Ungemwamini, usingebeba hilo dumu. Nami nimesoma sifuri siku nne, kama wewe tu."

Lameki aliketi juu ya dumu, akaficha uso kwa mikono. "Wataniua," alisema.

"Sitakutaja redioni."

*

Kesho yake taa nyekundu iliwaka. Edina alikuwa na karatasi, lakini hakuitazama.

"Siki, miligramu thelathini na nane. Narudia, thelathini na nane. Imekuwa hivyo au karibu na hivyo kwa miezi saba, na mimi nimewasomea uongo siku nne zilizopita. Chungu kina ufa. Kimeshushwa joto ili kisipasuke, na kwa joto hilo hakichomi dawa za hospitali wala za mabanda. Kuyachemsha maji nyumbani hakusaidii. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiyanywe. Kuna madumu mia moja na kumi ya maji safi stoo ya maabara. Waje kliniki wapewe. Wengine, njooni kituoni tuamue pamoja. Mimi ni Edina Nzwala."

Karani wa redio alikuwa amesimama mdomo wazi. Simu zilianza kulia kabla Edina hajafika mlangoni.

Kufikia saa nne lango la kituo lilikuwa limejaa watu. Hawakurusha mawe. Walisimama tu, maelfu yao. Mhandisi Habakuki alitoka kwanza, akaeleza habari ya ufa, ya watu kumi na wanne wa zamu, ya Mlanje. Alipofika kwenye malori, baadhi ya watu waliinamisha vichwa. Walikuwa na ndugu kule.

Ndipo Mama Nyemo akasogea mbele, kilemba chake cha kijani kikiwa kimekaa upande.

"Ufa tumeuelewa," alisema. "Hata mimi pengine ningeogopa kuupandisha moto. Nataka jambo moja. Nani walikuwa wanajua?"

"Mimi," Mhandisi akasema.

"Nani mwingine?"

Mhandisi akarudi nyuma hatua moja. Mama Nyemo akamgeukia Edina. Nyuma yake, katikati ya watu, Edina alimwona Naomi, mkono tumboni, macho yamemkazia. Alikuwa ameahidi kutomtaja Lameki redioni. Hapa hapakuwa redioni, lakini alijua hiyo ni hila ya maneno, na alikuwa amechoka na hila.

Kabla hajafungua mdomo, Naomi alisema, kwa sauti iliyofika langoni.

"Mume wangu alikuwa anajua. Alinipa maji mengine. Nilidhani ni zawadi ya kazini. Nimeyanywa miezi minne, na nyinyi mnanisalimia."

Umati ukageuka kumtazama. Mtu mmoja alitoa tusi, mwingine akamnyamazisha. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye walisogea, Edina akadhani wanamkimbia, lakini walikuwa wanampisha kivuli.

"Na mimi," Edina akasema. "Siku nne."

Mama Nyemo akakinyoosha kilemba chake.

Walijadiliana mpaka alasiri. Wizara ilituma amri ya kufunga kituo, na wajumbe wa mji wakaijibu kwamba wataondoka wenye kutaka, kwa treni na si kwa malori, na kwamba maji ya hospitali na ya mabanda hayataingia tena Chunguni. Yatahifadhiwa kwenye matangi mpaka mtungi mpya ufike, hata kama miche yote itakauka. Theluthi ya watu waliondoka ndani ya wiki mbili. Lameki alikuwa wa kwanza kupanda, peke yake. Naomi alibaki, na kwa mwezi mzima hakumsemesha dada yake. Mhandisi Habakuki alivuliwa ukuu, akaomba abaki kama fundi wa ufa, wakamkubalia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeujua.

Kuhusu Edina, siku ileile ya langoni, kulikuwa na ubishi. Wengi walitaka aende. Mama Nyemo alisikiliza wote, kisha akasimama.

"Akienda, ataletwa mwingine ambaye hatujui amedanganya siku ngapi," alisema. "Huyu tunazijua. Abaki. Ila sampuli tutachota sisi, watu wawili wa kura kila siku, na tutakaa naye mpaka mashine iseme."

Kesho yake waliokuja walikuwa fundi viatu na msichana wa kliniki. Walivaa kofia za chuma zilizowapwaya, wakashuka chini na Edina, wakachota wenyewe huku wakiogopa presha. Chupa ilikuwa vuguvugu. Walikaa mbele ya mashine, na namba ilipotokea fundi viatu aliisoma kwa sauti kabla ya mtu yeyote, akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

"Ishirini na tisa," alisema. "Nenda kawaambie. Sisi tunakusikiliza hapahapa."